Kiberenge cha Siku ya Mia

Sehemu ya Kumi na Moja

Hakufa.

Nasema hivi mapema kwa sababu wiki hii mmenitia adabu. Barua zimenijia mpaka mwenye posta sasa ananisalimia kwa jina. Msomaji mmoja wa Gabes ameapa kwamba nikimuua Mahbuba ataacha gazeti hili na kuhamia lile jingine, lenye picha. Bibi mmoja wa Sfax amenitumia dua ya kumkinga Mahbuba na ajali, na chini yake dua fupi ya kunilaani mimi. Asante, bibi. Zote mbili zimefika.

Kwa aliyekosa wiki iliyopita, au aliyefungiwa karanga na gazeti lake kabla hajalisoma: Mahbuba, mjane wa mchimbaji, alikuwa ameketi juu ya kiti cha plastiki katikati ya reli, hapa kwetu Bir Tarfa. Nyuma yake mahema kumi na moja ya watu wasio na kazi, yote juu ya mataruma. Mbele yake chuma kinakuja kikipiga honi. Mahbuba akafumba macho, akasoma shahada.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa mkahawa wangu wa stesheni, trei mkononi. Vikombe vilikuwa vinagongana vyenyewe.

Chuma kikapiga kelele, kikasimama shubiri moja mbele ya magoti yake.

Mahbuba akafumbua jicho moja. "Nimekufa?"

"Bado, mama," mtu akajibu. "Samahani kwa honi. Imekwama."

Haikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kile kigari cha injini ambacho wakaguzi wa reli hupandia, cha manjano, nyuma yake kimefungwa kitoroli cha zana. Akashuka bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, begi la ngozi kwapani, vumbi mpaka kwenye kope. Alijitambulisha kwa adabu: Riadh, mkaguzi, kutoka Tunis.

"Wewe ndiye uliyenizuia?" akauliza.

"Mimi! Na ukija na jeshi nitakuzuia tena!"

"Jeshi la nini, mama? Umezuia vizuri sana." Akafungua begi, akatoa karatasi. "Je, waweza kunitilia sahihi kwamba umenizuia?"

Jamani! Siku tisini na tisa watu wa kampuni, wa serikali, wa vyama, wamekuja hapa kumsihi Mahbuba aondoke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsifu. Nikaona mabega yake yanapanda.

Msimcheke. Mahbuba hakukaa pale kwa kupenda jua. Binti yake, Dorsaf, ndiye wa kwanza katika wilaya nzima kufaulu mtihani wa udereva wa treni. Wa kwanza kwa alama, na mwanamke pekee. Miaka mitatu sasa cheti kimetundikwa ukutani, na ajira inakuja kesho, keshokutwa, baada ya uchaguzi, baada ya Ramadhani. Mwisho Mahbuba akachukua kiti chake, akaenda kuketi relini, akaapa: haipiti treni hapa mpaka mwanangu awe ndiye anayeiendesha. Wenye shida zao wakamfuata. Kwa hiyo ndiyo, mwanamke huyu alisimamisha treni ili bintiye aendeshe treni. Hapa kwenye bonde la fosfeti, madini ya mbolea, ndivyo kazi inavyoombwa.

Na jambo jingine la kwetu: hatuzungumzi bila kumbukumbu za kikao. Aje waziri, aje tarishi, maneno yataandikwa, yatatiwa sahihi, yatapigwa muhuri, kisha yatawekwa ndani ya kopo la biskuti. Kopo la Mahbuba lilikuwa na kumbukumbu sitini na tatu. Ahadi hata moja haijatimizwa, lakini zote zina muhuri.

Basi hakusoma. Aliuliza tu: "Kuna nakala yangu?"

"Kuna nakala yako, mama."

"Na muhuri?"

"Nimeubeba."

Akatia sahihi kubwa, yenye mkia. Watu wa mahema wakapiga vigelegele. Siku ya mia imeanza kwa ushindi! Mkaguzi Riadh akapanguza jasho, akasema atakwenda zake.

"Thubutu!" akasema Mahbuba. "Uje kwangu ukiwa mgeni, uondoke na njaa? Mlukhia iko motoni tangu alfajiri."

Kwetu, chungu cha mlukhia, mchuzi wa unga wa majani makavu ya mlenda, kikishawekwa motoni kwa ajili ya mgeni, mgeni haondoki mpaka kifunuliwe. Na mlukhia, kama unavyojua, haiendeshwi kwa honi. Kutwa nzima inachemka taratibu mpaka inakuwa nyeusi na mafuta yanaelea. Mkaguzi alinusa mara moja. Macho yakamlegea.

"Ya nyama ya ng'ombe?"

"Ya nyama ya ng'ombe, na majani makavu ya kunukia."

"Mama yangu, Mungu amrehemu, ndivyo alivyopika." Akaketi. Lakini kabla ya kuketi alirudi kwenye kiberenge, akainama ndani, akafanya jambo fulani, akarudi na begi lake. Niliona, sikulitilia maanani. Yaandikeni haya mahali, tutayahitaji.

* * *

Saa nane mchana akaja Ami Lazhar kunywa kahawa yake.

Ami Lazhar alikuwa mkuu wa stesheni ya Bir Tarfa zamani za treni sita kwa siku. Sasa ana umri wa miaka sabini na mbili, bado anavaa kofia ile ile, na kila asubuhi anafuta vumbi kwenye dirisha la tiketi ambalo halijauza tiketi tangu meno yake yalipokuwa kamili. Mkewe anasema alioa reli, yeye akaletwa kama mke wa pili.

"Nasikia mmeshinda," akasema.

"Tumeshinda, ami!" Mahbuba akampa nakala. "Soma. Wameandika kwamba nimewazuia."

Ami Lazhar akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akageuza ukurasa wa pili.

"Mahbuba," akasema polepole, "huu wa pili umeusoma?"

"Wa pili wa nini? Sahihi iko kwenye wa kwanza."

"Kaa chini."

"Nimekaa siku mia, niambie nikiwa nimesimama!"

Ami Lazhar akasoma kwa sauti. Kwamba kwa mujibu wa kanuni ya zamani ya njia hii, reli ikipitwa na siku mia bila treni hata moja, hufutwa daftarini na chuma chake kung'olewa. Kwamba siku ya mia ni leo, mpaka jua lizame. Kwamba mkaguzi amefika mwenyewe, akazuiwa, na wenyeji wamethibitisha kwa sahihi yao. Kwamba kuanzia kesho fosfeti yote itabebwa kwa malori.

"Malori ya nani?" akauliza Dorsaf.

Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono ina harisa, ile pilipili ya kusaga. Msichana huyu hapayuki. Akiuliza, anataka jibu.

Ami Lazhar akavua miwani. "Malori ya Haji Bannur."

Wasomaji wangu mnamkumbuka Haji Bannur. Ni yule aliyetuletea kondoo siku ya kumi. Aliyeleta turubai mpya siku ya thelathini, upepo ulipochana yale ya kwanza. Aliyekuja kila Ijumaa na burnusi yake nyeupe, joho lenye kofia, akambusu Mahbuba kichwani, akamwambia, "Kaza, dada yangu, usiwaachie hata shubiri." Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa na kondoo juu.

"Nyama yake imo tumboni mwangu," akasema Mahbuba. "Ami, reli ikifutwa, mwanangu ataendesha nini?"

Dorsaf alikuwa anatazama reli. Juu ya chuma chenye moto wanawake walikuwa wametandaza pilipili zikauke, nyekundu, kutoka hema la kwanza mpaka la mwisho.

"Mama," akasema, "umenifungia mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe."

Mahbuba akaanza kulia. Mimi namfahamu tangu akiwa msichana. Mumewe alipoletwa kutoka mgodini ndani ya blanketi hakulia mbele ya watu. Siku hiyo alilia, kwa sauti, kamasi mpaka kidevuni, na sikujua niweke wapi trei yangu.

Lakini Ami Lazhar alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Imeandikwa mpaka jua lizame," akasema. "Jua halijazama. Ikipita treni moja, hesabu inaanza upya kwenye moja."

"Treni!" nikasema. "Utaitoa wapi treni, ami? Iliyo karibu iko Metlawi, na dereva wake yuko kwenye mgomo."

"Treni ni nini?"

"Ami, jua linakwenda, usitupe mtihani."

"Nakuuliza wewe mwuza kahawa. Treni ni nini? Kanuni ya kwanza, ukurasa wa tatu, tuliisoma kwa kuchapwa: treni ni injini, na behewa moja au zaidi lenye mzigo, na taa nyekundu mkiani. Ukubwa haukutajwa."

Sote tukageuka, taratibu, kama watu waliosikia mtoto akisema neno la kwanza. Kiberenge cha manjano kilikuwa pale pale, shubiri moja kutoka kwenye alama za kiti. Kina injini. Kina kitoroli.

"Na nani atakiri kwamba treni imepita?" akauliza Dorsaf. Alikuwa ameshaanza kufuta harisa mikononi.

"Mkuu wa stesheni, katika daftari."

"Ulistaafu, ami. Miaka kumi na moja."

"Nani amekwambia? Mkuu wa stesheni hastaafu mpaka amkabidhi mwenzake kwa kumbukumbu zenye sahihi mbili. Mwenzangu hakuletwa mpaka leo." Ami Lazhar akanyoosha kofia. "Mimi sikustaafu, binti yangu. Mimi nilisahauliwa."

* * *

Sasa tazameni uhodari wetu watu wa Bir Tarfa. Tulikuwa na saa nne. Kupakia fosfeti kwenye kitoroli, koleo la marehemu mume wa Mahbuba, dakika kumi na tano. Kuleta taa ya mkiani, nusu saa, maana mke wa Ami Lazhar alikuwa ameitundika kwenye banda la kuku na kuku walikataa kuachana nayo. Ufunguo wa injini, dakika moja: Ami Lazhar alijaribu ule aliokuwa nao tangu ujana wake, ukaingia, kwa sababu reli yetu haikubadilisha kufuli hata mara moja.

Na kuhamisha mahema kumi na moja kutoka juu ya reli? Saa tatu na robo.

Kwani hema la kwetu haling'olewi hivi hivi. Kila hema ni la ukoo, kila ukoo una kamati, kila kamati ina katibu. Na ukoo utakaong'oa kwanza, wajukuu wake wataambiwa kwenye harusi: ninyi ndio mliouza.

"Waanze wa juu," wakasema wa chini.

"Waanze wa chini, ndio waliochelewa kuja," wakasema wa juu.

"Iandikwe kwamba tunang'oa pamoja!"

"Pamoja kwa saa ya nani? Saa yako iko mbele!"

"Yako imesimama, kama akili yako!"

Kikao kikafunguliwa. Ajenda ikasomwa. Mtu mmoja, na nitamficha jina kwa kuwa ananidai kahawa ya bure, akapendekeza iundwe kamati ndogo. Jua lilikuwa limeshavuka paa la stesheni. Mkaguzi Riadh, kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa wangu, alikuwa amelala kifudifudi akingoja mlukhia, begi kichwani kama mto.

Dorsaf alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva wa kiberenge, mikono magotini. Mama yake alimtazama, akawatazama wale wanaopigania saa, akaenda kwenye hema lake. Akang'oa kigingi cha kwanza. Akang'oa cha pili.

"Mahbuba! Unafanya nini?"

"Mimi ndiye niliyeketi wa kwanza," akasema. "Mimi ndiye ninayeinuka wa kwanza. Andikeni kwamba Mahbuba ameuza. Andikeni kwa herufi kubwa, mpige na muhuri. Mwanangu anapita."

Hema likaanguka. Katibu alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika. Akaiweka nyuma ya sikio, akaenda kushika kamba za hema lake mwenyewe. Kisha la tatu, la nne. Wanawake wakakusanya pilipili kwa kanga na kwa mashuka. Sioni aibu kusema kwamba nilitokwa na machozi, ingawa pilipili pia zilichangia.

Mahema kumi yakatoka. La kumi na moja likabaki.

Lilikuwa la Anis, mpwa wa Haji Bannur, kijana mrefu wa thelathini na ushee aliyedai naye hana kazi. Hema lilikuwa tupu. Pikipiki yake haikuwepo. Na Mahbuba, akitafuta mahali pa kukaa apumue, akagundua kwamba kiti chake cha plastiki hakipo pia.

"Amekwenda kwa mjomba wake," nikasema.

"Na kiti changu?"

"Na kiti chako."

"Huyo hata kiti!" akasema Mahbuba, na kwa mikono yake miwili akaling'oa hema la Anis na kulitupa kwenye miiba.

* * *

Saa kumi na moja na nusu chungu kikafunuliwa.

Nilipewa kazi ya kumshughulisha mgeni. Nikaweka sinia mbele yake, mkate wa moto, mlukhia nyeusi inang'aa. Mkaguzi akachovya tonge la kwanza akafumba macho. Na hapo hapo, nje, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Mkaguzi akafumbua macho. "Hiyo ni injini yangu?"

"Ya jirani," nikasema.

"Jirani ana kiberenge?"

"Jirani ana mambo mengi, bwana. Ongeza mkate."

Akachovya tonge la pili. Nje nilisikia sauti ya Ami Lazhar, kali, ya miaka arobaini nyuma: "Treni namba moja, kutoka Bir Tarfa! Njia wazi!" Kisha filimbi. Kisha vigelegele, na magurudumu yanaanza kusaga chuma.

Mngemwona! Dorsaf mbele, amefunga kitambaa kwa nyuma, macho kwenye njia, mgongo umenyooka kama aliyezaliwa kwenye kiti cha dereva. Ami Lazhar pembeni yake, daftari la stesheni kifuani. Na mkiani, juu ya fosfeti kwenye kitoroli, Mahbuba, miguu inaning'inia, taa nyekundu mikononi, manyoya ya kuku bado yameng'ang'ania. Kutoka stesheni mpaka mwisho wa sehemu yetu ya njia, kwenye nguzo ya kilomita ishirini na moja ambako treni huhesabiwa kuwa imepita, ni mwendo wa kilomita tatu tu, na wote ni mteremko. Wafaransa waliichagua njia hii kwa ajili hiyo: fosfeti ishuke kwa uzito wake, wachimbaji wapande kwa miguu.

Mkaguzi Riadh akalamba kidole.

"Wamekichukua," akasema, bila hasira.

"Bwana mkubwa, wewe ni mtu mzima, nisikudanganye. Wamekichukua. Ni treni sasa. Ina mzigo, ina taa."

"Ukurasa wa tatu." Akacheka. Naapa, akacheka kwa furaha. "Yule mzee wa kofia! Sikudhani kama bado yuko hai mtu anayeujua ukurasa wa tatu. Mimi nimetumwa tu, ndugu yangu. Wakifika kwenye nguzo nitaandika kwamba wamefika, na atakayenituma tena anitume." Akachovya tonge la tatu. "Bahati mbaya hawatatoka hata hapo nje. Mwaka jana waliniibia kiberenge mahali fulani, tangu hapo natoa kipande kimoja kila nikishuka. Kiberenge hakiwezi..."

Akasikiliza. Sauti ya magurudumu ilikuwa mbali, na ilikuwa inazidi kwenda mbio.

Tonge likaanguka siniani.

"Kimeondoka?" akauliza. "Kimeondoka kweli?"

"Kimeondoka, nimekwambia. Umetoa kipande gani?"

Akafungua begi. Chini ya karatasi, chini ya muhuri, akatoa mkono wa chuma, mrefu kama paja, una grisi mwishoni.

"Nilikuwa na haraka," akasema. "Nilikusudia kutoa wa gia. Huu ni wa breki."

* * *

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mahbuba mwenyewe, maana mimi wakati huo nilikuwa nakimbia juu ya mataruma na mkono wa breki begani. Mkaguzi alikuwa nyuma yangu na suti yake na kipande cha mkate, na unene wangu huu mnaujua.

Kilomita ya kwanza walikuwa wanaimba.

Kilomita ya pili Ami Lazhar akashika kofia. "Punguza kidogo, binti yangu. Treni yetu ni ya heshima."

"Napunguza, ami," akasema Dorsaf. Alikuwa ameshaondoa moto kwenye injini. Kiberenge hakikujali. Mzigo wa fosfeti ulikuwa unasukuma kutoka nyuma.

Mbele yao ikaonekana tambukareli, pale reli inapokatana na barabara ya malori. Hatua thelathini ng'ambo yake nguzo ya ishirini na moja, nyeupe. Na nyuma ya nguzo jua, limeshagusa mlima kwa chini.

Katikati ya reli kulikuwa na kiti cha plastiki. Na juu ya kiti, burnusi nyeupe imetandazwa vizuri magotini, Haji Bannur.

Mtamlaumu kwa mengi lakini si kwa ujinga. Lori lake angeweza kuliegesha pale, ila lori lina namba na namba ina jina. Mtu aliyeketi relini ni mwananchi tu mwenye madai. Na alikuwa amesimuliwa na mpwa wake, kwa kina, jinsi kiberenge kilivyosimama mchana ule shubiri moja mbele ya mwanamke. Kikisimama kwa mjane, akasema, hakitasimama kwa haji?

Mahbuba akasimama juu ya fosfeti. Kutoka kinywani mwake yakatoka maneno yale yale ambayo madereva wote walimtupia yeye siku mia nzima:

"Ondoka njiani wewe! Watu wana kazi!"

"Nina haki yangu!" akajibu Haji, akakunja nne. "Hapiti mtu hapa! Si ndivyo ulivyotufundisha, dada yangu?"

Mkuki kwa nguruwe. Mahbuba akainua taa amtukane tusi moja zuri alilokuwa ameliweka tangu saa nane. Ndipo akauona mkono wa bintiye. Mkono ulishuka pembeni ya kiti, mahali pa breki, ambapo kwa furaha hakuwa amepatazama, ukashika. Ukashika tena. Hapakuwa na kitu.

Dorsaf akageuka. Uso ulikuwa mweupe kama fosfeti.

"Mama," akasema, "mwambie asingoje tusimame."

Wanasema hasira ni hasara, lakini mimi nawaambia hofu huimaliza hasira kwa pumzi moja. Siku mia Haji alimlisha nyama ya uongo. Aliiuza reli ya mwanawe. Na Mahbuba hakuona tena Haji wala malori. Aliona bintiye, siku yake ya kwanza kazini, anamuua mtu.

"Inuka, Haji!" akalia. "Hakuna breki! Wallahi hakuna breki!"

"Wimbo huo kawaimbie watu wa Tunis!"

"Inuka, nakusihi! Naikanyaga jeuri yangu! Chukua unachotaka! Nitakutilia sahihi chochote, Haji, chochote, inuka tu!"

Hatua mia mbili. Hatua mia na hamsini. Ami Lazhar akafungua daftari, akafumba macho, kalamu juu ya mstari mtupu.

Haji Bannur aliposikia neno sahihi alitabasamu. Akatia mkono ndani ya burnusi, bila haraka, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya goti, akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta kalamu.